Watoto Sita wa Mzee Ojuok

Mimi na printa hatupendani. Tumeishi hivyo miaka kumi na tisa, mimi na hii niliyonayo na nyingine nne zilizokufa kabla yake, hapa hapa Butimba, kwenye steshenari yangu iliyo jirani na chuo cha ualimu. Printa inajua mtu akiwa na haraka. Mteja asiye na shida inamtolea karatasi moja baada ya nyingine, safi kabisa. Aje mwanachuo ambaye kazi yake inatakiwa saa nne na sasa ni saa nne kasoro robo, hapo inakwama, inawasha taa nyekundu, inadai wino niliouweka jana. Nimeshaipiga makofi mara nyingi na sioni aibu kusema.

Jina langu Mwaija binti Bashiru, na mdomo ninao. Hizi laptopu nyembamba za siku hizi sizikubali, ukikohoa tu karibu nayo kioo kimepasuka. Flashi ya mwanachuo siichomeki kabla sijauliza imetoka wapi, maana kila flashi ya pale chuoni imeshalala kwenye kompyuta kumi na imeondoka na vairasi wa zote. Na hizi apdeti nazo! Unafika asubuhi, foleni iko mlangoni, unawasha mashine, inakwambia subiri, najiboresha. Nani aliiomba ijiboreshe? Ikimaliza, kitufe ulichokizoea miaka sita kimehamishwa, unaanza kukitafuta kwenye kompyuta yako mwenyewe. Wateja wanacheka nikisema haya, na wengine nadhani wanakuja kunisikiliza tu.

Lakini mtu anayelaumu mashine kila siku, siku akikosea yeye mwenyewe tayari ana pa kujificha. Mimi nilijificha huko mwaka mzima na zaidi. Aliyeumia ni mjane wa watu, mama asiyenikosea chochote, na ndiyo maana nayasema haya.

Mumewe, Mzee Nathaniel Ojuok, alikuwa mfunga kamba wa kivuko, pale Kigongo kwenda Busisi. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa kurusha kamba, kuifunga na kuifungua. Alipostaafu akawa anakuja kwangu kuchapisha barua za mafao, kwa sababu mwanawe wa kwanza, Kevin, alikuwa anafundisha hapa Butimba na ndiye aliyemleta. Injini ya kivuko ilikuwa imelimaliza sikio lake la kushoto. Ukimsemesha upande ule anakutazama tu na kutabasamu kwa adabu. Ilibidi nihamishe stuli ya wateja niiweke upande wa pili wa meza, ili sikio la kulia ndilo linielekee.

Kompyuta alikuwa haiamini. Nikimwambia barua yake nimeshaihifadhi, anainama, anakichungulia kioo, halafu ananitazama mimi.

"Binti yangu, kamba ukiifunga unaona imefungwa," aliniambia siku moja. "Hii yako unajuaje?"

Nilicheka sana. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hii inajua kazi yake.

Alifariki ghafla, kwa presha. Asubuhi ya mazishi Kevin alikuja dukani na karatasi ya daftari aliyoiandika kwa mkono, wasifu wa baba yake. Msibani huwa unasomwa kabla ya kuzika, marehemu kazaliwa lini, kasoma wapi, kafanya kazi gani, ameacha nani. Kuzika ilikuwa saa nane, kulekule kwao Kigongo, kwenye kiwanja chake. Mimi wasifu siandiki kuanzia mwanzo. Nafungua wa marehemu aliyetangulia, nabadilisha jina, tarehe na mengineyo, nahifadhi kwa jina jipya. Wachapaji wote tunafanya hivyo, asikudanganye mtu. Aliyetangulia alikuwa Mzee Luhaga wa Misungwi, aliyezikwa siku mbili nyuma. Yeye aliacha mjane na watoto sita. Mzee Ojuok aliacha mjane na watoto watano. Sentensi ile ilihitaji neno moja tu libadilike.

Nililibadilisha. Wallahi nililibadilisha. Kabla sijahifadhi, umeme ukakatika. UPS yangu, betri ya akiba ya kompyuta, ambayo muuzaji aliniapia kwamba inashika dakika ishirini, ililia mara moja ikanyamaza. Umeme uliporudi, kompyuta ikaniletea faili nusunusu, juu Ojuok, chini bado Luhaga. Nikaanza tena kubadilisha, huku simu zinaita, huku naitukana UPS, na mwisho wa ukurasa sikuufikia. Mimi nilidhani nimeufikia.

Nina sheria dukani kwangu, kazi haichapwi mpaka mteja aisome mwenyewe kwenye kioo. Kevin alisimama mbele ya kioo macho yamejaa machozi, haoni kitu. Akasema, dada, printi tu, gari linatusubiri. Nikaprinti. Nakala mia na hamsini, na siku hiyo printa haikukwama hata mara moja. Ingekwama ningeitoa ile karatasi, na ningeitoa ningeisoma.

Nilifunga duka nikaenda nao, maana mzee nilimpenda. Nilikaa kwenye gari la msiba na zile nakala mapajani, kutoka Butimba mpaka Kigongo, na sikusoma hata moja. Najua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa namweleza mama niliyekaa naye jinsi UPS za siku hizi zilivyo mbovu.

Mzee wa kanisa alisoma kwa sauti nzito, taratibu. Alisoma alikozaliwa, Mara, alisoma kivuko, alisoma kustaafu. Mwishoni akasoma kwamba marehemu ameacha mjane na watoto sita. Alisoma bila kusita, kwa kuwa yeye ni mgeni, hakujua idadi yao. Waliojua wakageuka. Mjane, Mama Kevin, jina lake Wilhelmina, alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Akakiinua. Wanawe watano walikuwa wamekaa mkekani mbele yake, na niliiona midomo yake ikiwahesabu. Akafika mwisho, akawahesabu tena.

Nilijua palepale. Wa sita alikuwa wa Mzee Luhaga, nimemleta mimi. Ningesimama tu niseme, samahanini jamani, ni kosa la uchapaji, mzee ana watoto watano. Sentensi moja. Lakini nilikuwa nimekaa katikati ya wanawake nisiowajua, jeneza halijashushwa, na pale dukani kwangu juu ya mlango nimeandikisha kwa rangi nyekundu, TUNACHAPA BILA MAKOSA. Nikasema moyoni nitamwambia Kevin baadaye, watu wakitulia. Nyuma yangu mama mmoja alishaanza kunong'ona kwamba wanaume wa kivuko wanajulikana, kila ng'ambo wana mji.

Baada ya wiki Kevin alikuja mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, nilikuwa na maneno kamili kichwani. Ila hakuniuliza kama nimekosea. Hakuwaza hata kidogo kwamba mimi ninaweza kukosea.

"Dada Mwaija, mimi niliandika watano," alisema. "Nani alikupigia simu ubadilishe?"

Mlango ulikuwa huo, umefunguliwa wazi. Na mimi nikasema siku ile simu zilikuwa nyingi, sikumbuki.

"Ilikuwa sauti ya mwanamke?"

"Sikumbuki, Kevin."

Aliondoka na jibu hilo akampelekea mama yake. Kosa la kwanza naweza kugawana na umeme, na UPS, na haraka. Hili la pili lilitoka kinywani mwangu, mashine zote zikiwa zimezimwa. Nilijua kabisa, na nikaendelea kufungua duka kila asubuhi.

Habari zilikuwa zinanifikia kupitia watu wa Kigongo wanaokuja kuprinti. Nilisikia Mama Kevin alivuka mpaka Busisi kumsaka mwanamke aliyemzalia mzee huyo wa sita, akagombana mbele za watu na mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi wa kivuko, eti ndiye. Mama yule alilia, akaapa, hakuaminiwa. Nilisikia wanawe walitaka kulijengea kaburi, wakanunua na saruji, mama akawaambia huyo wa sita ndiye aje alijengee. Kila nikisikia, najiambia nitakwenda Jumapili. Jumapili nasema huko nitakwenda kufungua kidonda. Muda ulivyozidi nikaanza kujishawishi kwamba labda Kevin mwenyewe ndiye aliyeandika sita. Alikuwa analia, mkono unatetemeka, inawezekana. Nikaanza hata kuamini, na Kevin naye akahamishiwa Tarime, sikumwona tena.

Mwaka ulipita, na miezi. Printa nayo ikafa, safari hii kweli. Fundi wangu, Khalidi, akaja kufunga nyingine, ndogo, nyeupe, isiyotaka kuchapa mpaka iunganishwe na intaneti, sijui inamwomba nani ruhusa. Nilikuwa namlalamikia hivyo wakati yeye anaiondoa ile ya zamani mezani. Nyuma ya ile printa, kati ya meza na ukuta, kulikuwa na karatasi ya daftari imejaa vumbi. Khalidi akaipangusa akanipa, akaniuliza kama ina kazi.

Ulikuwa mwandiko wa Kevin. Wala haukutetemeka. Mwishoni kaandika ameacha mjane na watoto watano, na neno watano kalipigia mstari chini, mara mbili, ili mchapaji asikosee. Nilikaa kwenye stuli ya wateja. Khalidi aliniuliza kama naumwa, nikamwambia funga hiyo printa uende, nimechoka na kelele zako, na maskini ya Mungu alikuwa hata hajasema kitu.

Kesho yake nilikwenda Kigongo. Daraja jipya la kwenda Busisi limeshaanza kutumika, magari yanapita juu, na pale kwenye kivuko mabanda mengi ya chakula yamefungwa. Nyumba ya mzee niliikuta vilevile. Uwanja umefagiliwa, alama za ufagio zinaonekana, mpaka karibu na ua mwembamba wa michongoma ulipo msalaba. Hapo ufagio ulikuwa umeishia. Mbele yake ni majani matupu, marefu, yamelifunika kaburi lote, msalaba umebaki kichwa tu.

Mama Kevin alikuwa kwenye kigoda anachambua choroko. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanikumbuka, akanikaribisha kiti. Sikukaa. Nilijua nikikaa tutaanza kuulizana habari za watoto na sitasema tena. Nilimpa ile karatasi nikamweleza nikiwa nimesimama. Nilimweleza habari ya wasifu wa Mzee Luhaga, nikamweleza umeme, UPS, faili lililorudi nusu, na nilikuwa naendelea na faili aliponikata.

"Kwa hiyo hakuna aliyepiga simu."

"Hakuna, mama."

"Na yule mama wa Busisi?"

"Hana kosa. Na mzee hana kosa. Kosa ni langu, na Kevin aliniuliza nikamdanganya."

Aliitazama ile karatasi muda mrefu, anapitisha kidole kwenye mistari miwili chini ya neno. Nilisubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze, kwa kweli, anitukane nirudi kwangu nimelipa. Hakupandisha sauti.

"Kila asubuhi nikifungua mlango namwona pale," alisema. "Wajane wenzangu wanawasalimia waume zao. Mimi nilikuwa namtukana. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso." Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Miaka thelathini na nane nimekaa na mtu, halafu nikaamini karatasi."

Nikaanza kuomba radhi. Nilisema samahani nyingi, mpaka zikawa hazina maana hata masikioni mwangu. Akanirudishia karatasi.

"Mimi umeshaniambia," alisema. "Nenda ukamwambie yeye."

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Lakini alikuwa ameshainuka, choroko zinamdondoka kwenye kanga, ananionyesha kwa mkono. Nikaenda. Nilipita ulipoishia ufagio nikaingia kwenye majani, yakanifika magotini. Yeye alibaki nyuma, kwenye usafi, hakuvuka. Nikasimama pembeni ya kaburi, nikaanza kuusoma wasifu wa Mzee Nathaniel Ojuok kama mwanawe alivyouandika, alikozaliwa, shule, kamba, kivuko, kustaafu. Nilipofika mwisho nikasoma kwamba ameacha mjane na watoto watano.

Nyuma yangu nikasikia majani yakikatika. Mama Kevin alikuwa amevuka, ameinama, anang'oa kwa mikono miwili na kutupa pembeni, hanitazami. Aling'oa mpaka akaufikia msalaba. Akasimama upande wa pili wa kaburi, mikono imejaa udongo, akaniita.

"Hama hapo, uje huku kulia," alisema. "Huko ulikosimama ni kushoto kwake, hakusikii."

Nikazunguka nikasimama naye, nikaanza upya.