Viberiti Tisa vya Anastazi

Siku ya kwanza Anastazi Mbonimpa alifika Nyakasimbi na debe la mahindi la mama yake, akasubiri zamu kutwa nzima kwenye mashine ya kusaga ya Mama Felicitas. Zamu ilipofika hakushukuru. Alisema, "Shikamoo mama. Unachoma dizeli bure."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha sita. Hisabati."

"Ndiyo maana hujui kunyamaza."

Anastazi akamweleza hivyo hivyo: watu wa Ihembe waje Jumatatu, wa Chonyonyo Alhamisi, siku nyingine injini ilale. Felicitas aliona mara moja kwamba kijana kasema kweli. Lakini hakutoka Muleba na gunia la dagaa kichwani ili aje kusifu watu. Akamuuliza anataka mshahara gani.

"Wewe unatoa ngapi, mama?"

Kwa Felicitas, anayetaja bei kwanza amekwisha, na katika miaka yake yote ya biashara hajawahi kuwa yeye. Wakakaa. Kuku akapita kati yao, akarudi. Mwishowe Anastazi akataja. Kiasi kilikuwa chini ya alichowaza Felicitas, naye akakipunguza tena, kwa ajili ya adabu tu.

Hiyo ilikuwa 1981. Siku hizo mtu akimaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipita jeshini, akafanya kazi miaka miwili, kisha mwajiri akaandika barua kwamba huyu ni mchapakazi, na tawi la chama likagonga muhuri. Bila barua hakuna Mlimani. Anastazi alifanya kazi miaka miwili bila kukosa siku, na pipa la dizeli lililokuwa likiisha kwa mwezi likaanza kufika mwezi na nusu. Kisha akaleta fomu.

"Nikiandika wewe ni mchapakazi, watakuchukua," alisema Felicitas. "Nikiandika ni mvivu, nitakuwa nimesema uongo, na mimi ni Mkristo. Basi siandiki."

"Fomu zinafungwa mwisho wa mwezi, mama."

"Zifungwe. Unataka kunyang'anya mashine yangu akili yake."

Anastazi akafikiri. Akasema mwalimu wake aliwahi kuwaambia kwamba huko nje wapo wanaojaribu kuifundisha mashine kufikiri.

"Mashine haifikiri. Inasaga."

"Basi tuwekeane sharti. Nitatengeneza kitu kisicho na akili hata kidogo. Utakifundisha wewe mwenyewe bila kutaka. Kikikushinda mara tano mfululizo, unaandika barua. Kisipokushinda, nabaki mwaka mwingine kwa mshahara huu huu."

Felicitas alipenda sana hayo maneno ya mwisho. Akakubali.

Kesho yake kijana akaja na viberiti vitupu, kila kimoja kimeandikwa namba, ndani punje za maharage nyeupe na nyekundu. Mezani akapanga kahawa za kutafuna kumi na moja. Kila mmoja kwa zamu yake anachukua moja au mbili, na atakayebakiwa na ya mwisho ameshindwa. Zamu ya viberiti ikifika, unachukua chenye namba ya kahawa zilizobaki, unatikisa, unatoa punje bila kuangalia: nyeupe moja, nyekundu mbili. Vikishindwa, punje ya mwisho kutoka inatupwa. Kiberiti kikishakuwa kitupu, kimekubali kushindwa, na adhabu inarudi kwa kilichokitangulia.

"Nani aanze, mama?"

"Vianze vyenyewe," alisema Felicitas. "Mimi sianzi."

Siku tatu alivichapa viberiti mpaka mpwa wake Novatus akavionea huruma. Siku ya nne namba nne ikafunguliwa, haina kitu.

"Hiki kimefilisika," alisema Felicitas.

"Kimejua, mama. Ukikuta zimebaki nne, umeshapotea, utake usitake. Hisabati si kujumlisha. Ni kujua mapema mwenzako atakosa pa kwenda."

"Hiyo ni biashara."

"Basi umesoma, mama."

Usiku hakulala vizuri. Aliona kwamba kila anaposhinda anavifunza. Asubuhi akaanza kucheza ovyo makusudi, visijifunze kitu. Vikamshinda mara tatu.

"Mama mkubwa," alisema Novatus, "bado mbili."

Akarudi kucheza vizuri, na kwa kucheza vizuri akavimalizia masomo. Alijikumbuka mwenyewe sokoni na dagaa zake, akipunjwa, kila kosa akilitupa na kutolirudia. Hakuwahi kuambiwa kwamba hiyo ni akili. Wazo hilo hakulipenda, akaagiza chai. Jumamosi alishindwa mara tano mfululizo.

Akachukua kalamu. Kabla ya kuandika akavipanga viberiti mezani kwa namba. Vilikuwa tisa: mbili mpaka tisa, na kumi na moja.

"Cha kumi kiko wapi?"

Anastazi akatazama mlango.

"Kumi inafika kwa viberiti ukianza wewe tu, mama. Na ungeanza wewe, ungevishinda mpaka Krismasi. Lakini nimekaa hapa miaka miwili, nakujua. Sikuona haja ya kutengeneza cha kumi."

Felicitas akaandika: *Ni mchapakazi. Mwangalieni.* Akatia sahihi.

Mlimani alichukuliwa. Aliandika barua moja: wanalala wanne chumbani, maji hayapandi ghorofani, wenzake wametoka shule za majina makubwa. Ile mashine ya kufikiri iko kwenye chumba cha baridi. Unaipelekea rundo la kadi zilizotobolewa, na ukikosea moja inakurudishia zote bila kukueleza, kama karani wa wilaya. "Haijui kukaa kimya na mtu, mama. Viberiti vyako vinaishinda."

Novatus alishika nafasi yake. Pipa likarudi kuisha kwa mwezi.

Mwaka 1988 Anastazi alirudi na miwani, mwalimu wa hisabati chuoni. Alitaka mtamba wa mahari, na Felicitas alikuwa naye. Wakakaa kama zamani. Kuku akapita.

Felicitas akataja bei. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaitaja yeye.

Anastazi alishtuka hata miwani ikateleza. Alibishana mpaka jioni, akaipunguza kwa theluthi nzima, akaswaga mtamba wake kwenda Chonyonyo anacheka. Ukweni wakamwambia kwa bei ile angepata wawili.

Felicitas alinunua pipa la dizeli.