Salamu Ndefu za Liévin

Mtaa mzima wa Mudzipela ulikuwa umekubali: hakuna mwanamume mwenye adabu kama Liévin, seremala wa milango na madirisha. Kila jioni akipanda kilima kurudi kwake, alisimama nje ya kila nyumba, akaulizia watoto, ng'ombe, mihogo, hata mjomba aliyeko Fataki. Mama mmoja aliwaambia wanawe, "Muangalie Papa Liévin. Ule ni mutu walilea muzuri."

Liévin mwenyewe alijua kwamba alilelewa vibaya kama wengine. Alikuwa akitafuta pumzi tu. Tangu ile homa ya kifua iliyomlaza hospitalini kwa oksijeni mwaka uliopita, kilima kilikuwa kimerefuka. Salamu ndizo zilizompumzisha: wewe unajibu, yeye anahema. Waliojibu kwa mkato hakuwapenda. Mzee Ézéchiel, ambaye jino lake moja bovu lilitosha kwa hadithi ya nusu saa, huyo Liévin alimpenda kama ndugu.

Kusema ukweli hakuthubutu. Fundi anayehema mbele ya randa, nani atamwachia mbao zake?

Siku moja mkewe, Clémence, alimkuta nje ya nyumba ya Delphin, mkono ukutani, akiuliza kwa heshima zote, "Na bibi je? Na kazi?"

"Baba Arielle, unasalimia nani?"

"Delphin."

"Delphin na watu yake walihamia Bambu tangu mwezi uliopita. Angalia, iko kufuli ku mulango."

Liévin akaitazama kufuli. Mlango ule aliutengeneza yeye. Akajaribu kucheka, lakini kikohozi kikavu kikacheka badala yake.

Kesho yake walikuwa mbele ya daktari Estelle, binti mwenye umri mdogo kuliko randa ya Liévin. Mgonjwa alikuja na jibu tayari: ni sumu, kuna seremala anayemwonea wivu.

"Wivu ya milango yako?" Clémence akasema. "Ya kwetu hata haifungi!"

Daktari akainua picha ya mapafu kwenye mwanga. Homa ile ilikuwa ya kirusi, akaeleza. Kirusi kilikwisha kuondoka, lakini huenda kiliacha majeraha, na mwili unapoziba majeraha ya mapafu, wakati mwingine unazidisha, makovu yanabaki. Kovu ni gumu, halitanuki kama pafu lenyewe, ndiyo maana pumzi inakatika. Si kila mwenye homa hupatwa hivyo, na vumbi la mbao nalo lingeweza kuwa limechangia, hakutaka kuapa. Makovu mengine hupungua, mengine hukaa. Avae barakoa kazini, atembee polepole kila siku, arudi kupimwa.

"Na ukichoka, Papa, simama. Hakuna haya."

Haya! Mwaka mzima alikuwa ameilinda kwa nguvu ambazo mapafu yake hayakuwa nazo.

Jioni ile, katikati ya kilima, aliketi juu ya jiwe bila kumsalimia mtu. Marie-Claire, mteja aliyekuwa akingoja dirisha lake, akatoka mbio.

"Papa Liévin, kuko nini? Leo hakuna salamu?"

"Napumua, mama. Mapafu iko na makovu." Neno gumu lilikuwa bado. "Dirisha yako itachelewa."

Marie-Claire akamtazama kwa huruma.

"Papa, weye hata na pumzi yako yote, ile dirisha ilikuwa inachelewa tu. Kaa, nikuletee maji."