Transfoma Mbili za Baba

Alipostaafu, mwalimu wa fizikia ambaye wanafunzi walimbandika jina la Wati alitangaza mezani kwamba ataunda amplifaya ya stirio, tena ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe, fundi cherehani, alitua kijiko.

"Kwa mikono hiyo hiyo iliyotengeneza pasi yangu?"

Pasi ile ilikuwa imeunguza suruali ya mteja. Kisa hiki Wati anakisimulia mwenyewe, na kila akikisimulia hujiongezea ujinga kidogo, kana kwamba ule wa mwanzo haukutosha.

Valvu alikuwa nazo. Kilichomkwamisha ni transfoma za kutolea sauti, yale madonge ya chuma na nyuzi za shaba yanayopokea umeme mkali wa valvu na kuupoza hadi spika iweze kuumeza. Stirio hutaka mbili, tena pacha. Kwanza alijaribu kuzungusha waya mwenyewe. Alikuwa amefika mzunguko wa elfu mbili mia nane na kitu pale mtu alipopiga hodi. Wati, mtu wa adabu, akaitikia "Karibu!" na hesabu yote ikaruka dirishani. Mara ya pili alijifungia mlango, akapiga chafya.

Ndipo alipoikumbuka redio ya marehemu baba yake. Mchwa walikuwa wamekula sanduku, lakini transfoma ilikuwa nzima. Na pacha wake alijua alipo: baba alinunua redio mbili za aina moja siku moja, ya pili akampa dada yake Wati alipoolewa.

"Redio gani?" dada mtu aliuliza alipomfikia. "Hiyo ni stuli yangu. Miaka ishirini haijasema neno, na mimi sijailaumu."

"Dada, nataka kitu kidogo tu cha ndani."

"Basi chukua utumbo, niachie sanduku. Na usinilegezee miguu yake, mdogo wangu. Nakujua."

Alifungua skrubu akiwa amepiga magoti, dada yake amesimama juu yake kama msimamizi wa mtihani.

Kazi ilichukua miezi minne kwenye nusu ya meza ya kukatia vitambaa. Sinia la alumini alilolitoboa matundu ya valvu lilikuwa la mkewe. Hilo alilikiri baada ya kulitoboa. Asubuhi ya kuiwasha amplifaya, valvu zilipata joto taratibu, zikaiva rangi ya chungwa, na spika zote mbili zikaimba. Wati alikumbatia mlango, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Furaha haikumaliza wimbo wa kwanza. Besi haikuwepo. Mwimbaji naye hakuwa na makao: mara yuko kushoto, mara kulia, mara kama anaimbia chumba cha pili. Wati akaanza kutafuta mchawi. Alilaumu valvu, akazibadilisha. Akalaumu kochi, akalisukuma. Akalaumu mapazia, akayashusha, majirani wakapata cha kutazama. Alijaza kurasa kumi na moja za hesabu zilizothibitisha kwamba kosa ni la transfoma ya dada yake, ambayo, kwa maneno yake, "imezoea kukaliwa."

Wiki ya tatu, muziki ukiendelea, mkewe alitaka nafasi ya kupitisha kitambaa cha pazia. Akachomoa waya wa spika ya kulia, akaisogeza kando. Chumba kikanguruma.

"Mwalimu," aliita. "Hii moja ikiwa peke yake ina besi. Zikiwa mbili zinanywea. Hazigombani hizi?"

Wati alifungua kinywa amweleze jambo, kisha akaziinamia nyaya. Miaka thelathini na moja alikuwa amesimama ubaoni akichora mawimbi mawili, moja likipanda huku jingine likishuka, akiwauliza watoto wa watu yakikutana itakuwaje. Watoto walijibu kwa pamoja: yanauana! Na yeye alikuwa ameunganisha nyaya za transfoma moja kinyume, spika moja ikisukuma huku mwenzake akivuta, halafu akamsingizia dada yake.

"Zinagombana," alisema kwa sauti ndogo.

Alibadilisha nyaya mbili. Dakika nne, pamoja na muda wa kutafuta miwani iliyokuwa usoni. Mwimbaji akaja kusimama katikati ya chumba, na besi ikatikisa sindano kwenye kopo lake.

Dada yake alialikwa Jumapili. Alisikiliza nyimbo tatu, mikono mapajani. Mwishowe akapangusa jicho, akasema, "Sauti ndiyo ile ile. Baba angekuwepo angesema punguza, nataka kusinzia." Wakacheka wote wawili hadi wakashindwa kusikia muziki.

Amplifaya ikabaki chumba cha cherehani. Wateja wakaanza kukawia, wengine wakileta mashati yasiyo na tatizo lolote. Baadaye zikaanza kuja redio mbovu. Mwenye redio huingia, humsalimu Wati kwa heshima zote anaposhona vifungo, humpita, kisha humwuliza mkewe: "Fundi, hii ina nini?" Wati hajawahi kumsahihisha mtu. Mkewe huitegea sikio, hufikiri kidogo, na mara nyingi, anasema Wati, huwa amepatia.