Kichwa Chenye Kitanda

Unguja hii, ukitoka mjini asubuhi na gari bovu, na njiani ukasimama kula chungwa, adhuhuri itakukuta umeshafika Kendwa, mwisho wa kisiwa. Sasa mtu wa kisiwa kama hiki anataka gari lenye kitanda la nini? Ndivyo walivyomuuliza Mcha kwenye baraza ya kahawa, Mkunazini, na walimuuliza wakicheka, maana watu wa baraza hawajui kuuliza vyengine.

Mcha ni dereva, na gari ni lake mwenyewe. Fuso lake kuukuu alikuwa ameshaliuza, na sasa alitaka kichwa cha kuvutia tela. Vichwa viwili vilimngoja katika yadi moja Dar es Salaam. Kimoja kifupi, viti viwili basi: utachukua makontena bandarini, utashusha kwenye mahoteli ya Kendwa, na magharibi utasali kwako Mpendae. Cha pili kilikuwa na kitanda nyuma ya viti. Hicho ni cha kukaa nacho bara, Iringa, Mbeya mpaka Tunduma, wiki nzima barabarani.

Roho yake ilikuwa kwenye hicho cha pili. Tangu ujana alisikia habari za mlima Kitonga, magari yakipanda yakilia, na yeye mlima wake mkubwa ulikuwa tuta la mbele ya skuli. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa. Nyumbani alibaki na mkewe, Nasima, mshona foronya.

Siku aliyomweleza habari za vichwa viwili, Nasima hakuinua macho kwenye cherehani.

"Hicho kitanda kina upana gani?"

"Cha mtu mmoja. Kwa nini?"

"Nnauliza tu. Na huko Mbeya, baridi kali kama wasemavyo?"

Mume mwenye akili angekaa akauliza neno moja zaidi. Mcha alivaa kofia akenda barazani.

Talib, rafiki yake wa utotoni, muuza vipuri, alipoyasikia hayo alijipiga paja.

"Upana! Mcha, huyo keshaingia wasiwasi. Anataka kujua kama wanaenea wawili!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Wakamtajia bwana mmoja wa Mbweni aliyekwenda Tunduma na mzigo wa dagaa, akarudi na mke wa pili na mtoto anayetembea.

Mcha hakucheka. Ilimchoma. Miaka yote ya ndoa hajampa Nasima sababu ya wivu, na leo mwanamke wa watu anakosa raha kwa ajili ya kitanda cha gari. Alimhurumia kweli, akajiona mchoyo. Pale pale, kahawa haijapoa, shauri likakatwa: achukue kile kifupi. Penye wazee haliharibiki jambo, wanasema. Lakini wazee wale wote walikuwa wakimsemea mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza.

Akavuka Dar, akanunua, akarudi na gari kwa meli. Aliingia nyumbani akizungusha ufunguo kidoleni kama bwana harusi.

"Nshamaliza, mama Ridhwan! Nimechukua kile kifupi. Silali nje hata siku moja. Kila jioni utaniona hapa hapa."

Akasimama kungoja uso wa mkewe ung'are.

"Alhamdulillahi," alisema Nasima, taratibu, na mkono wake ukawa unalainisha kitu kilichokuwa juu ya kochi.

Lilikuwa godoro la sufi, jipya, jembamba hata mtoto angeanguka. Juu yake mablanketi mazito ya baridi, na mito miwili midogo, foronya zake zimetariziwa maua ya asumini pembeni. Kazi kama ile huifanya kwa maharusi tu.

"Hili la nani?"

"Nlilishonea gari."

Mcha alitazama godoro, akatazama mito. Ufunguo ukamlemea mkononi.

"Godoro la mtu mmoja, mito miwili?"

"Sisi si wanene, Mcha," alisema Nasima. "Nlidhani tutaenea."