Baruti Isiyo na Hasira

Niliishia darasa la nne, Kigoma, na sioni haya kulisema. Pita barabara ya Jules hapa Malvern, Johannesburg, uangalie mageti na nondo za madirisha: nyingi ni kazi ya mikono hii. Nilianza na grinda ya kuazima. Leo nina karakana, nina nyumba ya vyumba vinne, na gerejini nina meza ambayo fundi mwenzangu akiiona hunyamaza kwanza. Ni meza ya kujazia risasi. Wengine wanabishana mpira, mimi najaza risasi zangu za kupigia shabaha, kwa leseni, na kabati la chuma nililounga mwenyewe. Polisi waliokuja kulikagua waliniuliza fundi ni nani. Nikajigonga kifua.

Vyumba vinne, mtu mmoja. Mke wangu alirudi nyumbani kumuuguza mama yake. Mama akapona. Yeye bado yuko huko, na mimi sijauliza sana. Binti yetu wa pekee alizaliwa hapa hapa Joburg, akasoma, akapata kazi Cape Town. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha, zaidi ya maneno mawili matatu, anajibu kwa Kiingereza. Jumapili ananipigia simu.

"Umekula, mama?"

"Nimekula, Baba. Na wewe?"

"Mimi? Mimi nakula kama mfalme."

Baada ya hapo tunasikilizana tukipumua, halafu anasema mtandao unasumbua.

Rivolva, ile bastola ya silinda, niliinunua mwaka ule wezi walipovunja karakana. Sijawahi kumwelekezea mtu, na Mungu asinifikishe huko. Ila nilipoipeleka uwanja wa shabaha nikagundua kwamba Jumamosi kuna mahali watu wananisalimia. Anayesimamia uwanja ule ni mzee wa Kiafrikana tunayemwita Oom, kama unavyomwita mjomba wa watu wote. Ndiye pia anayeuza baruti. Mimi ananiita Dar, ingawa nimemwambia mara mia Dar es Salaam niliijua kwa kupita tu.

Binti yangu nilimpeleka mara moja, kabla hajahama. Alipiga risasi mbili za dukani, akaiweka bastola mezani akisugua kiganja. "Baba, hii kitu ina hasira," akasema. Tukarudi nyumbani.

Ikapita miaka miwili. Jumapili moja mwishoni mwa Oktoba akasema atakuja Desemba, siku nne. Halafu, bila mimi kugusia, akaongeza: "Utanipeleka tena kule? Lakini utengeneze zile zisizo na hasira."

Nilibaki na simu sikioni hata alipokwisha kukata. Tangu ahame hajawahi kuniomba kitu. Nikajiambia, siku hiyo ikienda vizuri, atakuwa na sababu ya kurudi. Mtoto hatoki Cape Town kuja kumwangalia baba akila.

Sasa, baruti. Asiyejua hudhani baruti ni baruti. Gerejini nilikuwa na aina tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, punje ndogo za mviringo kama mbegu za mchicha. Ni nzuri, lakini nzito. Ganda la risasi ya rivolva yangu ni refu, na ukitaka risasi ya upole unaweka chembe kidogo tu, zinapotelea chini kama mtu mmoja kwenye ukumbi wa harusi. Ukisahau ukaweka mara mbili, kwa juu huoni tofauti, na mara mbili ni hatari ya kupasua chuma. Ya pili ilikuwa kama majani ya chai. Hiyo inataka kushibishwa ndipo iungue vizuri. Ukiipunguza inatoa moshi na kuacha uchafu mtutuni, ukinawa mikono maji yanakuwa ya makaa.

Ya tatu alinionyesha Oom mwenyewe. Vipande vyembamba, vyepesi, kama magamba ya dagaa.

"Hii, Dar, inajaza ganda," akasema. "Unachungulia unaiona. Ukikosea ukaweka mara mbili inamwagika mezani, inakuumbua hapo hapo. Ya upole chukua hii. Lakini soma kitabu."

"Oom, mimi nimeunga vyuma kabla kitabu hicho hakijachapwa."

"Najua, najua. Ulimuungia na Nuhu geti la safina. Soma kitabu."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Kitabu ninacho. Tarakimu nazisoma vizuri, nani atanidanganya kwenye tarakimu? Maneno ya Kiingereza yaliyozizunguka ndiyo nayaruka. Kwenye jedwali kuna kipimo cha kuanzia na kipimo cha mwisho. Nikafikiri kama fundi: cha mwisho ni ukuta, usiuguse. Cha kuanzia ni mlango tu, na chini ya mlango ni salama zaidi. Ndivyo nilivyofikiri. Ningeweza kumuuliza Oom, lakini ukishajigamba mbele ya watu mpaka wakakutania safina, unarudije kuuliza?

Nikajaza risasi kumi na mbili, chini ya kipimo cha kuanzia, nikazipiga mwenyewe. Tamu. Kichwani nikamwona binti yangu akishtuka hata kwa hizo. Nikapunguza tena kidogo, nikajaza hamsini, nikaziweka kwenye boksi na kuandika jina lake kwa kalamu ya kuwekea alama chuma. Hizo sikuzijaribu. Nilitaka ya kwanza aipige yeye.

Alikuja. Kiuno chembamba, nywele fupi, harufu ya sabuni nisiyoijua. Jumamosi asubuhi tukaenda. Oom alipotuona akapaza sauti, "Dar, leo umeleta mpigaji, au umekuja kusimulia?"

"Leo utaona kwa macho!"

Nilisimama nyuma ya bega lake. Akapiga moja. Akageuka, anacheka. "Baba! Hii ni kama kupiga makofi!"

Ya pili, ya tatu. Karatasi ikitoboka karibu na katikati, na mimi, nisikufiche, nilishindwa kutulia. Niligeukia wale wa meza ya pili kuwaonyesha. Nikawaambia ni baruti niliyoichagua mimi, kwamba dukani huzipati hizi hata ulie. Nikiwa bado nawaeleza nikasikia nyuma yangu mlio mdogo, puf, kama mtu aliyezima mshumaa kwa mdomo. Sikugeuka.

"Endelea, mama," nikasema. "Endelea, piga!"

Hakupiga.

Nilipogeuka alikuwa ameilaza bastola mezani, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye shabaha, mkono mmoja ameunyoosha juu kama mtoto darasani. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha miaka miwili nyuma: usichokielewa, weka chini, nyanyua mkono. Karatasi ilikuwa na matundu matatu.

Oom akaja. Akasubiri kidogo, akafungua silinda, akazitoa risasi zote zilizokuwamo, akachukua fimbo ya shaba na kuiteremsha mtutuni. Ikaenda nusu ikagota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama mle ndani. Nguvu ya kukisukuma kitoke haikuwepo.

"Angepiga nyingine juu ya hii," Oom akasema polepole, "mtutu ungepasuka mikononi mwake." Akaniangalia. "Nani kajaza?"

Nikajibu, "Hii baruti uliyoniuzia mbovu."

Nimeandika nilivyosema, maana ndivyo nilivyosema. Oom hakubisha. Aliinamisha kichwa tu. Binti yangu alikuwa akinitazama, na macho yake hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo.

Tukarudi nyumbani. Kila robot, taa za barabarani za hapa, ilikuwa nyekundu. Tulipofika hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja gerejini, akakaa kwenye kiti changu, akafungua kitabu.

"Ulisoma hapa?" Kidole kilikuwa juu ya mistari iliyo chini ya jedwali.

"Nilisoma tarakimu."

"Na maneno?"

Nilichukua kitambaa nikafuta mashine ambayo haikuwa na vumbi. Miaka yote hiyo barua za shule yake nilizisaini bila kusoma, nikimwambia sawa, nimeona. Akaanza kusoma kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili hakimtoki, akitafuta neno moja moja:

"Hii kitabu inasema, usiende chini ya namba ya kwanza. Kama baruti ni kidogo sana, risasi inaweza… inaweza kulala ndani. Haitoki." Akainua macho. "Baba, ungenitumia picha ya page. Dakika moja. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa na kazi."

"Niko na simu."

Kesho yake, Jumapili, tulizivunja zote zilizobaki. Kuna nyundo ya plastiki yenye tundu. Unatia risasi, unagonga sakafuni, kichwa kinang'oka na baruti inamwagika. Nilimwonyesha mara moja, akagonga yeye, mimi nikakusanya. Arobaini na sita. Ilikuwa Jumapili ya kwanza kwa muda mrefu ambayo simu haikulia, kwa sababu aliye upande wa pili alikuwa hapa. Jumatatu nikampeleka uwanja wa ndege. Nilimuuliza kama atakuja Pasaka. Akasema, "Tutaona, Baba," akanibusu shavuni, akaingia.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Oom mbele ya wale wale kwamba baruti yake ni nzima, mbovu ni mimi. Akasema, "Sharp, Dar, sawa. Kaa, kahawa ipo." Basi.

Nimejaza sita, kwa kipimo cha kitabu. Nimezipiga peke yangu, zote zimetoka. Zina hasira kidogo, ya kuvumilika.

Kabla ya kuzijaza nilimtumia picha ya ukurasa wote, nikamwomba anisomee upya nisije nikakosea. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, siku ya tatu yake. Ananisomea kwa Kiswahili chake cha kukwaakwaa, mstari kwa mstari, mpaka chini. Dakika mbili kasoro. Simuni hajawahi kuniongelesha kwa muda mrefu hivyo bila mtandao kusumbua. Maneno yale sasa nayajua kwa moyo, hata nukta zake. Bado nikikaa gerejini naiweka simu kando ya mizani, naibonyeza, namwacha anisomee.