Siku Machela Ilipopita Stendi

Nikiwa mtoto baba alinichukua kwenda Rusumo kumsalimia shangazi yake, na huko ndiko nilikojua kwamba hofu yangu haikai moyoni kama ya watu wengine. Inakaa magotini. Huko kuna maporomoko, maji yake unayasikia kabla hujayaona, na nilipoyasikia magoti yakakataa. Nikakaa chini barabarani. Baba hakunipiga, alinibeba. Alikuwa na debe la maharage kichwani, sijui alilifanyaje, labda alimwachia mtu, maana nakumbuka mgongo wake, jasho, na harufu ya tumbaku. Huyo shangazi tulimkuta anakamua ndizi za pombe, akanionjesha, baba akanuna. Lakini si hayo. Nilitaka kusema habari za kubebwa.

Sisi watu wa Ngara tumebebana tangu zamani. Mgonjwa akizidiwa alilazwa kwenye machela ya kusuka, ile tunayoiita ingobyi, wanaume wanne wakaiweka mabegani, na kila nyumba ya kando ya njia ikatoa bega. Huulizi anaumwa nini wala ni wa nani. Ukikutana nayo unaingia, unabeba kipande chako, unampa mwingine. Hata kama mmegombana. Yalipokuja magari, machela yangu nikaipandisha darini.

Mke wangu alipigwa na kiharusi, miguu ikaisha nguvu. Kila mwezi anatakiwa hospitali mjini, maana dawa yake haipatikani hapa Mabawe, na daktari alisema akiikosa ugonjwa utarudi, na ukirudi hatapona. Magari yetu ni vile vigari vidogo tunavyoviita michomoko. Madereva wakimwona amekaa kando ya barabara wanaongeza mwendo. Anayesimama anadai nauli ya watu wawili, eti anachelewesha abiria. Mwezi mmoja tulikaa pale mpaka jua likageuka, tukarudi bila dawa. Nikawa namtazama anavyopumua.

Aliyeanza maneno si mimi. Ni mama mmoja muuza parachichi, mlemavu, anayetembelea baiskeli ya matairi matatu. Jumapili baada ya misa alituambia tusipande gari lolote mpaka wakubali kupakia wagonjwa na walemavu kwa nauli ya kawaida. Watu wakakubali. Wakatafuta mzee wa kwenda kusema na msimamizi wa stendi, wakanitazama mimi. Ningekataa, ila mke wangu naye alikuwa ananitazama.

Kumbe msimamizi alikwisha kuambiwa. Kesho yake akaja mwenyewe. Kijana mrefu, baba yake wa Biharamulo, mama yake wa huku huku kwetu. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe kabla sijamwona, kama yale maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nasikia unaandaa watu."

Nikamwambia hapana, tunaongea tu.

"Barabara hii ni mbaya, mzee. Watu wanagongwa. Na wewe nasikia masikio yako yamechoka."

Masikio yangu ni mazima kabisa. Akamwamkia mke wangu kwa adabu, akaondoka. Mimi nikakalia kinu, kusimama sikuweza.

Nikamwambia mama wa parachichi kwamba nimejitoa. Akacheka. "Jitoe tu, baba. Ila tuazime machela." Walitaka siku ya gulio wambebe mke wangu mpaka stendi, wamtue mbele ya magari, hao madereva waone aibu. Nikasema haiwezekani. Mke wangu akasema, "Wewe baki na magoti yako. Mimi nakwenda."

Nikafuata nyuma. Kila gari lililopita niliingia mtaroni.

Lakini tulisahau jambo. Machela yenye mgonjwa haituliwi njiani. Ukimtua kabla hajafika umemwitia mauti, kila mtu kwetu anajua. Sisi tulioanza tulijua ni mpango, ila waliopokezana mabega njiani hawakujua. Tulipofika stendi nikasema mtueni. Nani anisikie? Machela ikapita, ikashika njia ya mjini. Abiria wa vijiji vingine waliokwisha kukaa garini wakashuka kwenda kubeba kipande chao. Madereva nao, vijana wa humu humu, wakazima injini wakafuata. Mke wangu analia kwamba ataanguka, mimi nakimbia kando, nina hakika leo kuna mtu atakufa.

Msimamizi akabaki na magari matupu, milango wazi. Kisha akatukimbilia. Nikajua yamefika. Akapenya kati ya watu mpaka mbele kabisa, akanyoosha mkono. Mbebaji wa upande ule alikuwa amechoka, hakumtazama usoni, aliona bega tu, akampa mti wa machela. Na yeye akaupokea. Nikaona vile viatu vinazama kwenye tope.

Akabeba kupanda kilima chote. Mke wangu, aliyelala chali asimwone, akasema, "Asante mwanangu, polepole." Akapunguza mwendo.

Dawa tulipata. Jioni dereva mmoja alitufuata hospitali na gari lake, akamkalisha mke wangu kiti cha mbele kwa nauli yake moja, na mpaka leo wanasimama. Lakini nikisikia viatu kwenye changarawe bado nakaa chini. Maana kule juu ya kilima, msimamizi alipompa mwenzake ule mti, alinitazama huku anajipangusa bega. Nikangoja aseme neno, la kunitisha au la kuomba radhi. Akageuka, akashika njia ya Kabanga kwa miguu, na stendi hakurudi tena.