Nilimpaka hina Mmisri wa kale, nikaikosa Luxor

Wakuu, hamjambo humu. Kisa hiki nakileta kama kilivyo, hata pale kinaponiumbua mwenyewe.

Miaka ya 2000 hivi nilikuwa naishi Euless, mji mdogo huku ughaibuni. Siku za kazi napanga mizigo airport, wikendi napaka hina mabibi harusi wa Kizanzibari miji yote ya jirani. Mkono wangu ulisifika. Sijisifu.

(Sawa, najisifu kidogo.)

Harusi moja nikakutana na Mwalimu Samira, mama wa Kimisri. Akatazama maua yangu, akaniambia ni-apply kozi yake Houston. Alikuwa anafundisha watu kutunza michoro ya ukutani ya makaburi ya Misri ya kale.

Atakayefanya vizuri kuliko wote angekwenda naye Luxor, kwenye makaburi yenyewe. Nafasi moja tu. Wakuu, niliitaka mpaka nikawa naiota.

Hina nikaiweka pembeni. Kila wikendi tuka-drive masaa manne na mwanafunzi mwenzangu Mama Furaha, Mkongo wa mji jirani wa Lewisville aliyezoea kusiliba nyumba kwa udongo huko kwao.

Mwalimu alijenga vijikuta vya udongo na majani makavu, akavichora kama kuta za makaburi hayo, kisha akavikwangua na kuvipaka masizi makusudi. Sisi tukavitibu. Plasta iliyolegea unaidunga chokaa kwa sindano. Uchafu unautoa kwa pamba iliyolowa mate.

Ndiyo, mate. Nilibisha pia.

Sheria yake ilikuwa moja: kilichobaki kishike, kilichopotea usikichore.

Siku ya mtihani nikapewa mchoro wa mwanamke aliyebeba mikate, mkono mmoja hauna vidole. Nikamaliza mapema. Nikabaki nautazama ule mkono.

Sasa nyie mnajua, bibi harusi akitoka na kidole kitupu, fundi unasemwa mji mzima. Nikachukua brashi na rangi ya maji. Vidole vikarudi vyote vitano.

Halafu, shetani si mtu mzuri, nikamtia na kiua cha hina kiganjani.

Mwalimu akaja na lenzi yake. Akainama mpaka pua ikakaribia ukuta.

"And who invited this lady to a wedding?"

Darasa likavunjika mbavu. Yeye hakucheka. "Ni mzuri, lakini huu sasa ni mkono wako. Wa wale wa kale uko wapi?"

Akaniamuru nitoe kila kitu kwa pamba na mate, rangi ya chini isiguswe. Na ilikuwa Ramadhani, wakuu. Nimefunga, mdomo mkavu kama unga.

Mama Furaha akasogea na kikombe. "Dada, mie sifunge. Mate niko nayo mingi."

Akatema, nikachovya, mpaka alasiri. Kila kidole kilichotoka kiliniuma.

Luxor akaenda Mama Furaha. Kwenye ukuta wake aliliacha tundu kama alivyolikuta. Nililia kwenye gari, tena yeye ndiye aliyekuwa ana-drive.

Nilichojifunza: si kila pengo linakuita wewe. Mengine ni ya wenyewe, hata kama wamekufa zamani.

Kabla Mama Furaha hajasafiri nilimpaka hina. Kidole kimoja nikakiacha kitupu. Akaniuliza, "Na hiki?"

Nikamwambia, "Mpelekee Mwalimu, aone nimefaulu."

Haya, nani mwingine humu aliwahi kuharibu kitu kwa kukipendezesha? Semeni, msiniache peke yangu na aibu hii.